Tuliyojifunza kwa Wasiofika Ibadani

Swali ni moja, kama imani inaweza kubaki hai bila kufika ibadani, ila kila mtu analiuliza kwa namna yake. Nesi anayetoka zamu ya usiku hospitali ya KCMC Jumapili asubuhi, macho mekundu, anataka kujua kama ni dhambi akienda kulala badala ya ibada ya kwanza. Mgumu anayebeba mizigo ya wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame anauliza kama Zaburi aliyoisoma hemani inatosha. Kijana wa mtaa wa Soweto hapa Moshi anayeishi na mwenzake mwaka wa nne bila ndoa anauliza kwa ukali kidogo: kwani nikisali nyumbani Mungu hasikii? Naye bibi wa Old Moshi, mwenye miguu iliyovimba, haulizi kitu. Kwaya ikipita barabarani analia tu.

Sisi tunaopita nyumba kwa nyumba kuwatafuta hawa, wengine wazee wa kanisa wa Kilutheri na wengine viongozi wa jumuiya za Kikatoliki, hatuna jibu moja la kuwatosha wote. Lakini jambo moja tumeliona likijirudia Moshi mjini na huko juu migombani. Mtu anaweza kukaa miezi mingi bila kuingia kanisani na imani yake ikabaki hai, mradi wapo watu watatu wanne wanaojua kwamba hayupo, wanaojua kwa nini hayupo, na wanaokwenda kumwona. Asiye na hao, hata kama nyumba yake imepakana na uwanja wa kanisa, baada ya mwaka mmoja au miwili anabaki na jina la ubatizo tu.

Kwenye Biblia kila upande una aya yake. Anayetaka kubaki nyumbani anakusomea Mathayo 6:6, ingia katika chumba chako cha ndani. Anayetaka kumburuta mwenzake anamsomea Waebrania 10:25, tusiache kukusanyika pamoja. Ukizisoma pamoja na zinazozizunguka hazigombani. Mathayo 6 inamkemea mtu anayesali ili aonekane, na Yesu huyohuyo, kwa Luka 4:16, siku ya sabato aliingia katika sinagogi kama ilivyokuwa desturi yake. Waebrania nayo, kabla ya kufika kwenye kukusanyika, inasema kwenye aya ya 24, “tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri.” Neno kubwa hapo ni kuangaliana. Anayekwenda kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma, akatoka wakati wa wimbo wa mwisho bila kumwamkia mtu, na yeye ana sehemu ya aya hiyo ambayo hajaitimiza.

Makanisa yenyewe hayasemi sawasawa, na ni vizuri mtu ajue lake linasema nini kabla ya kujihukumu au kujisamehe. Kwa Wakatoliki kuhudhuria Misa Dominika na sikukuu zilizoamriwa ni amri ya Kanisa. Misa ya Jumamosi jioni inahesabika. Mgonjwa hafungwi na amri hiyo, wala anayemuuguza, wala mama mwenye mtoto mchanga asiye na wa kumwachia. Kule ambako padre hafiki, waamini wanahimizwa wakutane kigangoni na katekista kwa ibada ya Neno. Kwa hiyo nesi wetu, akiwa Mkatoliki, angeweza kusali Misa ya Jumamosi jioni kabla ya kuingia zamu, na usingizi wake wa Jumapili ni halali kabisa. Walutheri hawana amri ya namna hiyo. Wanacho kifungu cha 7 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kinachosema kanisa ni mkutano wa watakatifu ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa ipasavyo. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni rahisi kuielewa: huwezi kujibatiza, na huwezi kujipa Meza ya Bwana. Kuna mambo ya imani ambayo lazima yatoke mkononi mwa mwingine.

Wakristo wa mlima huu wameshapita mahali pa kukosa karibu kila kitu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mwaka 1920, baada ya vita, Wajerumani wakaondolewa nchini. Kwa miaka kadhaa sharika za Machame, Kidia na kwingineko zilibaki mikononi mwa walimu Wachaga ambao hawakuwa wachungaji. Hazikufa. Walimu walifundisha, walizika wafu, waliwakusanya watu, na mzigo wote waliubeba wao. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi, alitaka usharika ukae juu ya vitu ambavyo watu walikuwa navyo tayari: ukoo, ujirani na rika. Anayeshangaa kwa nini hadi leo mtaa una nguvu kuliko hotuba ya madhabahuni, aanzie hapo.

Tuanze na unachoweza kufanya peke yako, maana ni kingi.

Dakika 15 zinatosha, kabla simu haijashikwa. Ubeti mmoja wa wimbo, hata kwa sauti ya chini. Zaburi moja. Sura moja. Kimya kidogo. Sala, kisha Baba Yetu. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 52 zinakumalizia lote, na Jumamosi na Jumapili unabaki nazo kwa kurudia au kwa kulipa deni la siku ulizoruka. Zaburi ya 119 ina aya 176. Usiisome kwa pumzi moja, imegawanyika yenyewe katika mafungu 22 ya aya nane nane, fungu moja kwa siku. Wengi hukwama kwa sababu tatu. Wanaanza na saa nzima, na siku ya nne wamechoka. Wanaanza Mwanzo wakiwa na moto, wanafika Mambo ya Walawi na moto unazimika. Au wanaifungua Biblia popote inapofunguka na kuichukua aya ya kwanza kama ujumbe wa siku, na hapo mtu anaweza kuishi mwaka mzima bila kusoma barua moja ya Paulo kutoka salamu hadi baraka. Anza na Marko. Ina sura 16, na haina maneno mengi.

Weka daftari dogo lenye majina matano ya watu unaowaombea, na uyabadilishe kila mwezi. Bila majina sala ya peke yako hugeuka orodha ya mahitaji yako. Tumeona pia kwamba mwenye daftari hilo mara nyingi huishia kumpigia simu mmoja wa hao watano, na hapo ameshaanza kuangaliana.

Sasa jumuiya, yaani kikundi cha majirani wanaosali pamoja nyumbani. Kama tungeulizwa mtu ashike kitu kimoja akikosa vyote, tungesema hiki.

Jumuiya inayokwenda vizuri ina nyumba 10 hadi 15. Zikizidi 20 sebule haitoshi, watu wanakaa nje kwenye baraza hawasikii somo, na asiyekuja haonekani pengo lake. Huko juu hufaa saa 12 alfajiri kabla ya kwenda kukata majani ya ng'ombe. Mjini, Pasua au Majengo, wengi hupenda jioni katikati ya wiki au Jumamosi asubuhi mapema. Zungukeni nyumba kwa nyumba kwa zamu iliyoandikwa, na asirukwe mtu kwa sababu ana chumba kimoja. Dakika 45, basi. Wimbo, somo la Jumapili inayokuja lisomwe mara mbili na wasomaji wawili tofauti, kila mtu aseme neno au sentensi iliyomgusa, maombi ya majina, sadaka, matangazo, baraka. Anayeongoza asihubiri. Akihubiri, wale wenye aibu hawafungui kinywa tena, na kwa wengi jumuiya ndiyo mahali pekee wanapoweza kulizungumzia Neno kwa maneno yao.

Kinachoziua jumuiya ni chai. Tunalisema kwa uchungu. Nyumba ya kwanza inatoa chai ya rangi. Ya pili inaongeza maandazi. Ya tatu chai ya maziwa na mayai, ya nne ndizi nyama, na ikifika zamu ya mjane wa mtaa wa chini, anatuma mtoto kusema anaumwa. Baada ya kurukwa mara mbili anaona aibu kwenda kwa wenzake pia. Hakuna aliyemfukuza. Dawa yake ni sheria ya siku ya kwanza, isemwe mbele ya wote na ishikwe na wenye nacho: maji ya kunywa tu, kwa kila nyumba. Akitokea mmoja kuivunja kwa wema, mzee wa jumuiya amshukuru na kumwomba vile vitafunio avipeleke kwa mgonjwa.

Jambo la pili ni daftari la mahudhurio. Likisomwa hadharani linakuwa fimbo. Likikaa mkononi mwa mtu mmoja mpole, linakuwa macho. Utaratibu uliotusaidia ni huu: asiyeonekana mara ya kwanza, jirani wa karibu anamuulizia palepale njiani. Mara ya pili anapigiwa simu. Mara ya tatu wawili wanakwenda nyumbani, na siku hiyo hawataji mahudhurio kabisa. Wanauliza hali. Ukianza na “mbona hatukuoni”, mwenyeji anajitetea, na mazungumzo yamekwisha kabla hujakaribishwa kiti. Tena wasiende na karatasi ya mchango mfukoni. Wenyeji huijua karatasi hiyo hata ikiwa imekunjwa.

Kwa wagumu na waongozaji wa mlimani jumuiya ya katikati ya wiki ni ukombozi, kwa sababu Jumapili si yao. Safari ya Machame huchukua siku 6 au 7, ya Marangu 5 au 6, na wageni wakijaa kuanzia Juni hadi Oktoba mtu anaweza kushuka leo na kupanda keshokutwa, Jumapili nane zikapita. Akishuka Jumanne, jumuiya ya Jumatano ipo. Na huko juu yapo yanayowezekana. Kwenye baridi ya Horombo, mita 3,720, chakula cha wageni kikishapakuliwa na sufuria zikiwa bado za moto, watu huwa wamejibana jikoni wakipasha mikono. Dakika 10 hapo: Zaburi ya 121, ambayo hakuna anayehitaji kuangalia kitabu ili aiseme, sala ya mmoja, Baba Yetu ya wote. Iwe kwa hiari, na kwa sauti ya kadiri, kwani kwenye kundi hilo wapo Waislamu wenye sala zao na wengine wamelala mapema kwa ajili ya safari ya kesho. Anayewahubiria wenzake waliochoka kwa nusu saa hatapata wa kumsikiliza kesho yake.

Mgonjwa wa kitandani ni habari nyingine, na hapa ndipo tunapoona makosa mengi yanayotokana na upendo.

Yakobo 5:14 inaweka hatua ya kwanza kwa mgonjwa mwenyewe: awaite wazee wa kanisa. Familia nyingi zinasubiri mchungaji ajue mwenyewe. Hatajua. Usharika wa mlimani unaweza kuwa na mitaa kadhaa, mchungaji mmoja na mwinjilisti mmoja au wawili, na wakati wa masika njia ya kwenda nyumba za bondeni huteleza hata kwa miguu. Mwambieni mzee wa mtaa, kwa jina la mgonjwa, siku anazokuwa na nguvu na saa anazokuwa macho. Wagonjwa wengi wa uzeeni wako vizuri asubuhi, na jioni wanapotea kidogo. Ziara ya saa kumi jioni inamkuta mtu asiyejua nani kaja.

Maandalizi ni machache. Meza ndogo au stuli imara karibu na kichwa cha kitanda, kitambaa safi cheupe, glasi ya maji. Mgonjwa aoshwe uso na mikono, ainuliwe kwa mito, redio izimwe, kuku watolewe. Kama ana shida ya kumeza, mwambieni mchungaji kabla hajaanza, siyo katikati. Kipande kidogo sana cha mkate kikichovywa kwenye divai kinatosha, na kwa Wakatoliki sehemu ndogo ya Hostia pamoja na kijiko cha maji. Anayelishwa kwa mpira asipewe kitu mdomoni bila muuguzi wake kukubali. Sala na baraka zinamfikia. Kwa Wakatoliki kufunga saa moja kabla ya komunyo hakumhusu mgonjwa wala mzee wala anayewatunza. Mhudumu aliyeruhusiwa anaweza kumletea Ekaristi, lakini Mpako wa Wagonjwa unatolewa na padre peke yake, na usingojewe hadi mtu awe anakata roho. Ni sakramenti ya mgonjwa, na inafaa apewe akiwa anajibu sala mwenyewe.

Makosa ni haya. Watu 20 kwenye chumba cha watu sita, na hewa inakwisha. Mahubiri ya dakika 30 kwa mtu anayehangaika na pumzi. Kumuuliza mbele ya wakwe na wajukuu kama ana jambo la kutubu. Mwacheni na mchungaji wake peke yao dakika tano, wengine wote watoke hadi uani. Na baada ya baraka, kumuaga haraka haraka. Bibi aliyekaa miezi mitano bila kuonana na kanisa lake anataka kusikia nani ameoa, nani amejifungua, paa la kanisa limefikia wapi, mnada wa Jumapili ulikuwaje. Kaeni naye. Mwimbieni wimbo alioutaja yeye, beti zote. Utaona midomo yake ikitangulia maneno, hata kama jina la mwanawe limeshamtoka kichwani.

Halafu anayemuuguza. Huyu naye hafiki ibadani, na hakuna anayemhesabu kama mgonjwa. Jumuiya ipange mtu wa kukaa na mgonjwa saa tatu Jumapili moja kwa mwezi ili binti huyo avae, atoke, asali, acheleweshe kurudi kwa kuzungumza na wenzake. Kati ya mambo yote tunayoyaandika hapa, hili ni rahisi kuliko yote na linafanyika mara chache kuliko yote.

Lipo jambo moja ambalo Mkristo yeyote anaweza kulifanya nje ya kanisa na lisingoje: ubatizo wa dharura. Mtoto mchanga akiwa hatarini, wodini au nyumbani, wala hakuna mchungaji wa karibu, Mkristo aliyepo achukue maji safi, ammiminie kichwani akitaja jina lake na kusema, “Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Ni hayo tu. Maji yaguse ngozi yakitiririka, hata kijiko kimoja kwa mtoto aliye kwenye mashine, kwa ruhusa ya nesi. Kisha andika: tarehe, saa, jina la mtoto, la wazazi, la aliyebatiza na la shahidi. Mtoto akipona, karatasi hiyo ipelekwe usharikani au parokiani wiki hiyohiyo, aandikwe kwenye kitabu na kuombewa mbele ya watu. Habatizwi mara ya pili. Wazazi wengi wanaficha karatasi kwa sababu wanataka sherehe, na miaka 13 baadaye, kwenye kuandikisha kipaimara, ndipo vurugu inaanza.

Ibada za redioni na za kwenye simu hatuzidharau. Moshi yenyewe ilikuwa na studio iliyotengeneza vipindi vya Kiswahili vya Sauti ya Injili vilivyorushwa kutoka Addis Ababa, hadi kituo kile kilipotwaliwa na serikali ya Ethiopia mwaka 1977, na wazee waliokua na vipindi hivyo bado wanaziimba nyimbo zake. Kwa mgonjwa na kwa aliye safarini ni msaada mkubwa. Kwa mwenye miguu mizima tatizo lake ni moja: redio haijui kama hukuamka.

Tumewazungumzia wenye sababu za mwili na kazi. Wengi zaidi hawafiki kwa aibu, ingawa mdomoni wanasema Mungu yuko popote.

Kwanza ni michango. Bahasha ya ahadi, ujenzi, sare za kwaya, ziara ya askofu, harusi ya mtoto wa mzee fulani. Palipo na desturi ya kusoma majina ya waliotoa na viwango vyao, anayeuza mboga kwa faida ya siku anasikia kiasi chake kikitajwa baada ya cha mwenye lori, na Jumapili inayofuata anaanza kusali nyumbani. Tukiulizwa na wenzetu, tunasema bila kuzunguka: someni jumla tu. Namba ya bahasha inatosha kwa hesabu za ofisi. Na wewe uliyekimbia kwa ajili ya michango, nenda kwa mtunza hazina siku ya kazi, mwambie unachoweza kwa mwaka mzima, hata kama ni kidogo kwa kiasi gani, na uombe kiandikwe. Kama huna kabisa, sema huna. Kutoa mazao kunakubalika tangu zamani huku kwetu, na siku ya kufyeka uwanja wa kanisa panga lako lina thamani. Ukituma sadaka kwa simu, tuma kwenye namba ya usharika wala si ya mtu, na uombe stakabadhi. Fedha iliyopita mfukoni mwa mtu imevunja sharika nyingi kuliko mafundisho potofu.

Pili ni ndoa. Kijana yule wa Soweto anaamini kwamba kwa kuwa hajafunga ndoa haruhusiwi kukanyaga kanisani. Siyo hivyo. Aliye kwenye marudi, yaani chini ya nidhamu ya kanisa, hashiriki Meza ya Bwana, wala hasimamii mtoto wa mwingine kwenye ubatizo, lakini ibada ni yake, jumuiya ni yake, wimbo ni wake. Wengi hukaa nje miaka kumi kwa katazo ambalo halipo. Njia ya kurudi kundini ni fupi kuliko wanavyodhani: mzee wa mtaa, kisha mchungaji, kisha mafundisho ya wachumba kwa wiki kadhaa, kisha matangazo Jumapili tatu mfululizo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa itolewe siku 21 kabla. Mashahidi wawili, pete kama mnazo, nguo safi mlizonazo. Kinachowachelewesha ni ukumbi, suti, kamati na keki, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoulizwa madhabahuni. Sharika nyingi hubariki ndoa za watu kadhaa kwa pamoja, hata katikati ya wiki. Ulizeni. Na mahari ambayo haijaisha ni mazungumzo ya wazee wa koo mbili. Mwambieni mchungaji mapema, mara nyingi anajua pa kuanzia.

Tatu ni msiba. Mtu alifiwa, na jumuiya haikuja. Au walikuja, wakauliza kwanza kama marehemu alikuwa analipa ahadi. Jeraha hili halitibiwi kwa kumkumbusha Waebrania. Waende wale wale waliokosea, wakae, waseme “tulikukosea, tusamehe”, na wasiongeze “lakini”. Kama alisharudi kuzika wengine wakati wao hawakumzikia, mkienda na shukrani kwa hilo mlango unaweza kufunguka.

Krismasi inatuletea kundi lake. Magari ya Dar es Salaam yanajaa barabara ya Himo, kanisa la kijijini linafungua mahema uwanjani, na watu wanasali ambao hawajasali tangu Krismasi iliyopita. Tunawafurahia kweli. Bibi na babu zao wamewasubiri mwaka mzima. Lakini wengine hufika Desemba 23 na mtoto wa kubatizwa tarehe 25, bila barua. Usharika wa nyumbani hauwezi kujua kama huko mjini mna ndoa, kama mmeshamwandikisha kwingine, au kama wasimamizi mliowachagua wamepata kipaimara. Leteni barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji au paroko wa mahali mnapoishi, nakala ya cheti cha kuzaliwa, majina kamili ya wasimamizi, na mpige simu ofisini Novemba. Na mtu asiyejua paroko wake wa Dar es Salaam anaitwa nani ajue kwamba akianza kutafuta barua, ameanza pia kupata mtaa wa kusali.

Kwa aliyekaa nje muda mrefu na sasa anataka kurudi, ushauri wetu ni kwamba usianze na Jumapili. Anza na jumuiya ya jirani unayemwamini, siku ya wiki, ukiwa na kanga au koti la kawaida. Watu 12 watakuona, si 600. Mkishamaliza juma la pili au la tatu, nendeni naye ibada ya kwanza. Watu huwa wachache na hotuba huwa fupi. Usikae nyuma kabisa. Nyuma ndiko wanakochelewa kuja na kugeuka kukutazama. Ukiwa Mlutheri, wimbo wa mwisho ukitoka nao nje usikate kona kwenda nyumbani, simama kwenye duara na wengine usubiri mnada.

Pale uwanjani vinawekwa vilivyoletwa kuwa sadaka: tray ya mayai, kuku aliyefungwa miguu, maziwa kwenye dumu la lita tano, mkungu wa ndizi bado unatoa utomvu. Mzee anayenadi anapandisha bei kwa shilingi mia tano mia tano, watoto wanacheka, mtu anaununua ule mkungu na kusema urudishwe unadiwe tena, ununuliwe na wa pili, na huyo wa pili anasema usiuzwe, apelekewe bibi wa bondeni. Watoto wawili wa kipaimara wanaubeba, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kwa kuwa njia ni moja, utaombwa uwasindikize.